Chumba Kilichotokeza Nje: Kuzuia Baridi ya Sakafuni Bila Kuziba Hewa

Kuanzia Juni hadi Agosti, magazeti ya zamani hupata kazi ya pili katika nyumba nyingi za Kaunti ya Nakuru. Hukunjwa na kusokomezwa katika matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Matambara huwekwa chini ya mlango, na usiku unapoingia, jiko la makaa lililomaliza kupika ugali huletwa chumbani ili lipashe joto. Baada ya juhudi zote hizo, mtoto anayecheza sakafuni bado ana miguu baridi kama barafu.

Katika baadhi ya nyumba, baridi hiyo haitoki kwenye tundu lililozibwa. Inatoka chini, kwenye sakafu ambayo haikukalia udongo bali hewa tupu. Familia inayolijua hilo hupunguza gharama ya makaa. Isiyolijua huendelea kuziba hewa mahali pasipo na kosa, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Sakafu za aina hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Katika jiji la Nakuru, mitaa kama Kaptembwo, Pipeline na Free Area ina nyumba za kupangisha za orofa zilizojengwa kwenye ploti ndogo. Katika nyingi za aina hii ukuta wa chini huacha njia ya kupita, kisha kuanzia orofa ya kwanza vyumba hutokeza nje, mara nyingi kwa kiasi cha mita moja, ili mpangaji apate nafasi ya kitanda. Kuna pia balkoni ambazo zimefungwa kwa vioo na kugeuzwa vyumba vya kulala, na vyumba vilivyojengwa juu ya lango au juu ya maegesho ya gari. Ukipanda kuelekea Elburgon, Molo, Kuresoi na Mau Narok, utakutana na nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo kwenye miteremko. Hizo sakafu yake yote iko hewani, upande wa chini wa mteremko zaidi ya upande wa juu.

Udongo ulio chini ya nyumba haubadiliki joto haraka. Usiku wa Julai, hewa ya nje inaposhuka, udongo uliofunikwa na nyumba hubaki karibu na joto lake la kila siku, kwa hiyo sakafu iliyokalia ardhi hupoa polepole. Sakafu iliyotokeza nje haina kinga hiyo. Upepo hupita chini yake usiku kucha na kubeba joto la chumba, kama unavyopoza chai kwenye kisahani. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hali inavyozidi. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko karibu mita 2,500. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, Molo huwa na baridi zaidi kwa digrii kama 4 siku ile ile, kabla hata ya kuhesabu ukungu na upepo.

Wengi huamini kwamba zege ni nzito, kwa hiyo linazuia baridi. Uzito na kuzuia joto ni mambo mawili tofauti. Zege hupitisha joto kwa urahisi, na ubao wa inchi moja huzuia joto zaidi kuliko slabu ya sentimita 15. Tatizo la sakafu ya mbao ni nyufa kati ya ubao na ubao, ambazo hupitisha upepo wenyewe. Kinachozuia joto vizuri ni hewa iliyotulia ndani ya vijitundu vidogo: sufu, blanketi, pamba ya mawe, au polistirini, yaani lile povu jeupe gumu linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Sentimita 5 tu za polistirini huzuia joto sawa na zege lenye unene wa karibu mita 2.

Sakafu baridi huleta pia unyevu. Watu waliolala, nguo zilizoanikwa ndani na sufuria inayochemka hujaza hewa ya chumba mvuke. Mvuke huo ukigusa sehemu yenye baridi hugeuka maji, kama unavyoona kwenye kioo cha dirisha alfajiri. Katika chumba kilichotokeza nje, pahali penye baridi kuliko pote ni kona ambapo sakafu hukutana na kuta mbili za nje. Hapo ndipo ukungu mweusi huanza, nyuma ya kitanda au chini ya zulia, na mara nyingi mwenye chumba hulaumu paa au bomba linalovuja. Wenye pumu na watoto wachanga ndio huumia kwanza.

Sasa turudi kwenye jiko. Makaa yanayong'aa bila moshi ndiyo yanayoonekana salama, kumbe ndiyo hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haimfanyi mtu akohoe. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hazisikii. Chumba kilichosokomezwa magazeti katika kila tundu ndicho chumba ambamo gesi hiyo hujaa upesi zaidi.

Matundu yaliyo juu ya madirisha yaliwekwa na mjenzi kwa kusudi. Ndiyo njia ya mwisho ya hewa chumbani wakati kila kitu kingine kimefungwa, na ndiyo yanayotoa mvuke unaozaa ukungu. Yasizibwe hata Julai. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje ina hatari inayofanana na hiyo. Anayeamka na kichwa kizito katika chumba chenye jiko atoke nje mara moja, awatoe wenzake, na wote wapelekwe hospitalini hata kama wanajisikia nafuu. Chumba chenye sakafu iliyozibwa vizuri hakihitaji jiko usiku. Ndiyo maana kazi ianzie sakafuni.

Kwa sakafu ya zege iliyotokeza nje, mahali pazuri pa kuweka kizuia baridi ni chini yake, upande wa nje. Mbao za polistirini au za pamba ya mawe, zenye unene wa sentimita 5 au zaidi, hubandikwa kwenye tumbo la slabu kwa gundi ya saruji na kushikiliwa kwa misumari ya plastiki yenye vichwa vipana. Lazima ziguse slabu kote. Fundi akiacha mwanya wa kupitisha upepo kati ya slabu na mbao hizo, kazi yote ni bure, sawa na kumfunika mtu kwa blanketi lililoning'inia hatua moja juu yake. Mbao zifike hadi ukingo wa slabu na zipande kidogo kwenye uso wake wa mbele, kwa sababu zege lililoachwa wazi pembeni litaendelea kuingiza baridi kwenye ile kona ya ukungu.

Polistirini haikosekani nchini. Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda cha paneli zake huko Mavoko, na maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mbao za unene mbalimbali. Pamba ya mawe ni ghali zaidi, lakini haishiki moto, na kwa nyumba za mijini jambo hilo lina uzito wa pekee.

Chini ya vyumba vilivyotokeza nje ndipo biashara ndogo hupata kivuli. Muuza mahindi choma huweka jiko lake hapo, jirani yake hukaanga viazi, na fundi wa kuchomelea vyuma hufanya kazi mita chache kando. Polistirini ikipata moto huyeyuka, hudondoka ikiwaka na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Kwa hiyo isiachwe wazi hata siku moja baada ya fundi kuondoka. Ifunikwe kwa plasta ya saruji juu ya wavu, au kwa mbao za saruji zilizofungwa kwa skrubu. Mwenye nyumba anayejua kwamba chini ya chumba chake kuna jiko kila jioni ni heri alipie pamba ya mawe. Na kwa kuwa moshi wa jiko hilo hupanda, nyufa kati ya slabu na ukuta wa chumba, pamoja na matundu yaliyopitisha mabomba na nyaya, zizibwe kabisa. Kaboni monoksidi ya muuza mahindi haina tofauti na ile ya jiko la ndani.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi husahau. Tumbo la slabu iliyotokeza nje huwa na, au lilipaswa kuwa na, mfereji mwembamba karibu na ukingo wake. Kazi yake ni kuyadondosha maji ya mvua kabla hayajatambaa chini ya slabu kuelekea ukutani. Ukifunikwa kwa plasta mpya bila kutengenezwa mwingine, mvua za masika zitalowesha kizuia baridi, na kikilowa kinapoteza nguvu yake.

Wapo wanaopendelea kuinua sakafu kwa ndani, kwa kumwaga tabaka la saruji na mchanga kisha vigae juu yake. Kwa sakafu iliyokalia ardhi hilo ni suala la bei tu. Kwa sakafu iliyotokeza nje ni hatari. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba. Sehemu ya mita 1 kwa mita 3 itabebeshwa kilo 300, sawa na mifuko 6 ya saruji iliyopangwa mahali ambapo slabu haina ukuta wala nguzo ya kuishikilia, na isiyoondoka tena. Tabaka hilo pia haliongezi joto la maana. Mbao za polistirini za unene huo huo zina uzito wa kilo 1 hivi kwa mita ya mraba.

Bonde la Ufa lina vizuia baridi vyake. Mawe mepesi ya volkano hupatikana upande wa Naivasha na Longonot, na Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa daiatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi uliotokana na viumbe vidogo vya majini vya ziwa la kale. Vyote viwili vina vijitundu vingi vya hewa na vimetumika katika ujenzi na viwandani. Vinafaa katika sakafu za chini, lakini vikichanganywa na saruji bado ni vizito mno kwa chumba kilichotokeza nje. Sufu ya kondoo, ambayo wafugaji wa Molo wanaijua vizuri, ni nyepesi na huvumilia unyevu kiasi, ila ni lazima isafishwe na kutiwa dawa, la sivyo nondo na panya watahamia humo.

Nyumba za mbao zina kanuni yake, na hapa makosa ni mengi zaidi. Familia inayosikia upepo ukipuliza kupitia sakafuni huenda chini ya nyumba na kuzungushia mabati, magunia au udongo kati ya nguzo. Upepo hukoma. Lakini mvuke wa udongo unaopanda chini ya nyumba hukosa pa kutokea, hukaa kwenye boriti na mbao, na baada ya misimu kadhaa ya mvua boriti huanza kuoza kutoka upande ambao hakuna anayeuona. Hata nguzo za mtarakwa, zinazosifika kwa kudumu, hazitaiokoa sakafu ya saipresi iliyo juu yake.

Njia sahihi ni kuzuia upepo kwenye sakafu yenyewe na kuuacha upite chini ya nyumba. Kwanza nyufa kati ya mbao hutafutwa. Usiku mmoja taa zote zizimwe ndani, na mtu mmoja aende chini ya nyumba na tochi ya simu. Kila mahali mwanga unapopenya, baridi hupenya hapo pia. Nyufa kubwa hujazwa kwa vipande vyembamba vya mbao na gundi. Ikiwa nyufa ni nyingi mno, plaiwudi hupigiliwa juu ya sakafu nzima, na pembeni, mahali sakafu inapokutana na ukuta, huzibwa kwa ubao wa ukingo.

Kisha kizuia baridi hupangwa kati ya boriti, kikigusa mbao za sakafu kwa chini, na kushikiliwa kwa wavu wa waya au vipande vya mbao. Kisifunikwe chini kwa karatasi ya nailoni. Mvuke unaotoka chumbani hupenya sakafu polepole, na ukikuta nailoni upande wa baridi hugeuka maji hapo hapo, kati ya boriti. Mahali pa nailoni ni juu ya udongo ulio chini ya nyumba, itandazwe yote na kuwekewa mawe pembeni ili mvuke wa ardhi usipande. Maji ya paa nayo yaelekezwe mbali kwa mifereji, hasa kwenye miteremko ambako hupita chini ya nyumba yakielekea bondeni.

Anayetaka kuzungushia ukuta kati ya nguzo aache matundu pande zinazotazamana. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi kwa ardhi isiyofunikwa ni tundu la mita moja ya mraba kwa kila mita 150 za mraba za sakafu. Chumba cha mita 3 kwa mita 5 kitahitaji matundu 10 ya sentimita 10 kwa sentimita 10. Kila tundu lifunikwe kwa wavu wa waya wenye macho madogo, kwa sababu ya panya. Nyuki nao hupenda uwazi wa aina hiyo, na kuwaondoa chini ya sakafu ya chumba cha kulala ni kazi ambayo hakuna fundi anayeifurahia.

Chumba cha mbao kilichotokeza nje kwenye orofa, ambacho tumbo lake limefunikwa kwa mbao, hufuata kanuni hiyo hiyo kwa udogo. Kizuia baridi kigande juu kwenye sakafu, chini yake ibaki nafasi ya sentimita chache, na mbao za kufunika ziachiwe mwanya wa sentimita 1 au 2 kando ya kingo mbili, wenye wavu. Unyevu utatoka hapo na sakafu itabaki kavu.

Mpangaji hana mamlaka juu ya slabu ya mwenye nyumba, lakini si kwamba hana la kufanya. Zulia nene lenye matandiko ya sufu au ya povu chini yake husaidia kuliko mkeka wa plastiki, ambao hufungia unyevu. Mara moja kwa wiki zulia likunjwe ili sakafu ikauke. Godoro lisilazwe moja kwa moja sakafuni katika sehemu iliyotokeza nje, kwani jasho la usiku hukusanyika chini yake. Kitanda kisogezwe sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Kama chumba kinaruhusu, kitanda cha mtoto kiwekwe upande wa ndani, ambapo chini yake kuna chumba kingine chenye watu, na sehemu iliyotokeza iachiwe kabati na viatu.

Kabla ya mwenye nyumba kuruhusu fundi abandike chochote chini ya slabu iliyotokeza nje, mhandisi aikague ikiwa bado wazi. Nyufa zinazoanzia ukutani, plasta inayobanduka, au nondo zilizoanza kuonekana na kutu ni dalili kwamba slabu inalemewa, na kwa sehemu isiyo na nguzo dalili hizo hazingoji. Juu pia pakaguliwe, mahali sakafu inapokutana na ukuta ulio chini yake, kwa kuwa slabu iliyotokeza huvutika upande wa juu na ndiko ufa huanzia. Mbao nyeupe na plasta mpya zikishawekwa, hakuna atakayeuona ufa huo tena.

Kujaza nyufa za sakafu ya mbao au kutandika zulia hakuhitaji idhini ya mtu. Kutokeza chumba kipya, kufunga balkoni kuwa chumba, au kuongeza orofa kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Maombi huwasilishwa kwa idara ya kaunti inayosimamia ardhi, nyumba na mipango, yakiwa na michoro ya wataalamu waliosajiliwa. Ni vyema michoro hiyo ionyeshe tangu mwanzo kizuia baridi kilicho chini ya sakafu na matundu ya hewa ya chumba, kwa kuwa kukiweka wakati fundi bado yuko kwenye jukwaa ni rahisi kuliko kumrudisha apande tena juu ya barabara yenye watu.